Jina Chini ya Kisanduku

3 Februari

Wifi yangu,

Sisi wazima, isipokuwa kaka yako. Siku hizi anakula kama mtu anayemeza dawa, na ukimuuliza anasema tumbo. Si tumbo. Ni mabosi wako.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yako ni mali ya kazini kwenu, na barua pepe yako ndiyo usiseme, inasomwa na watu wasiokuzaa. Barua hii nimempa dereva wetu wa mizigo akukabidhi mwenyewe. Akiiacha mapokezi, nitamkata masikio.

Habari yenyewe ni hii. Kampuni yenu, hiyo ambayo mjini kote inaitwa Baba Lao, inataka kutununua. Walikuja watu wawili wenye viatu vya kung'aa, wakakaa kwenye mabenchi ya karakana yetu, wakanywa soda, wakasifu. Wakasifu visanduku vyetu, wakasifu mafundi, wakasifu hata pazia. Kisha wakasema wangependa "kuipokea familia yetu". Wifi, mimi nimelelewa na bibi mfuga kuku. Najua mtu akianza kumsifu kuku maana yake nini.

Kaka yako amewaambia wasubiri, na kinachomfanya awasubirishe ni kimoja tu. Hospitali kuu imetangaza zabuni ya swichi za mtandao za wodi zote, yaani vile vile visanduku vyetu vya kukutanisha nyaya za kompyuta. Tukiipata, hatuuzi. Tukiikosa, anatia saini, na karakana mliyoianza wewe na yeye kwenye chumba cha nyuma kwa Mama inafungwa, maana hao hawanunui ili watunze. Wananunua ili wazime. Jana fundi wetu Bi Risasi, na pasi yake ya kuchomelea mkononi, ameniuliza kama aanze kutafuta kazi ya kufua nguo. Nikacheka. Halafu nikaingia stoo nikalia.

Lakini usifikiri tumekaa tumekunja mikono. Tumeajiri mshauri. Ana tai, na maneno anayo! Anasema wateja wanatukwepa kwa sababu tunaonekana kama kibanda cha vocha. Kwa hiyo tumepaka visanduku rangi ya kijivu kama vyenu, tumenunua sare, na ukipiga simu ofisini unapokelewa na sauti ya bibie iliyorekodiwa na muziki laini. Tumeondoa pia vile vikaratasi vya chini ya kisanduku, ambavyo kila fundi alikuwa anaandika kwa mkono wake: "Nimekiunda mimi fulani, kikikusumbua nipigie", na namba yake ya simu. Mshauri alipoviona alicheka mpaka akavua miwani. Eti ni kama fundi cherehani kuandika jina lake ndani ya suruali ya mtu.

Sasa wewe ndiye uliyeko jikoni kwao. Nidokezee, wifi. Bei yao kwa hospitali itakuwaje? Wanaogopa nini? Nipe hata makombo. Mama anakusalimu, anasema umekonda, ingawa hajakuona tangu mwaka jana.

Wifi yako wa karakana

*

11 Februari

Wifi,

Barua imefika na dereva bado ana masikio yote mawili, ingawa hakustahili, maana alinikabidhi mbele ya bosi wangu. Bosi akauliza imetoka kwa nani. Nikasema kwa wifi. Akauliza, "Ya ofisini au ya nyumbani? Inakamata vizuri?" Watu wa mitandao ndivyo walivyo, wasamehe tu.

Bei sikwambii. Usinune. Mshahara wa hawa watu ndio unaomsomesha mwanangu, na nilipokuja huku nilikuja kwa sababu chumba cha nyuma hakikuweza kulisha nyumba mbili. Sitakula kwao mchana halafu jioni nikawachungulia. Ungekuwa wewe, usingefanya. Ungepiga kelele sana, lakini usingefanya.

Lakini yaliyo wazi nitakwambia, kwa kuwa anayajua kila mtu isipokuwa wewe na mshauri wako. Kila fundi wa mtandao unayemjua alifundishwa chuoni kwenye mitambo ya Baba Lao. Amri zake anazijua kwa moyo kama sala. Akinunua cha Baba Lao kikaharibika, watalaumiwa Baba Lao. Akinunua chenu kikaharibika, atalaumiwa yeye. Mnachopigana nacho ni woga wa mtu mmoja aliyekaa kwenye chumba chenye nyaya, anayetaka Jumatatu ipite salama. Bei na rangi havimwondolei woga huo.

Kwa hiyo msiende kumwambia amng'oe Baba Lao. Mtamtisha bure. Mwambieni mtambo mkubwa wa chumba kikuu ubaki ulivyo, na visanduku vyenu vitakaa chini yake na kusikilizana nao. Mwacheni mwenye sebule akae sebuleni. Nyinyi ingieni jikoni na vyumbani, ambako watu wanaishi.

Na kuhusu kujipaka kijivu, wahenga wanao msemo wa mtu anayemwiga tembo. Siumalizii kwa sababu najua Mama anasomewa barua hizi.

Ile habari ya vikaratasi nimeisoma mara mbili. Nani alikubali? Kaka alikubali? Sina haki ya kuuliza, niliondoka kwa miguu yangu mwenyewe. Basi. Tuyaache.

Mpe Mama salamu. Mwambie sijakonda, nimebadilisha mtindo wa nguo.

Wifi yako wa upande wa pili

*

6 Machi

Wifi,

Leo sina mzaha, au ninao kidogo tu.

Ushauri wako wa sebule na jikoni tuliufuata, na hospitali ikatupa nafasi ya majaribio. Visanduku vyetu vimewekwa jengo la wazazi na watoto, vya Baba Lao vimewekwa jengo la upasuaji. Mwisho wa Aprili wataamua. Mwenye kauli ni mkuu wa mitambo wao, mzee mmoja mwembamba, sisi tunamwita Bwana Nyaya, kwa kuwa mfukoni hakosi kipande cha waya, anakizungushazungusha akikusikiliza. Akiacha kukizungusha, ujue umemchosha.

Haya. Jumatatu asubuhi, watu wamejaa kliniki ya watoto, kisanduku chetu kimoja kikafa. Kompyuta zote za ghorofa zikabaki kama picha ukutani. Wauguzi wakarudi kwenye kalamu na makaratasi, mama wa watu wamebeba watoto wanalia. Bwana Nyaya akapiga simu kwetu. Unajua alipokelewa na nani? Na bibie wa kurekodiwa. "Simu yako ni ya thamani kwetu." Kisha muziki. Akakata, akapiga tena. Muziki.

Hakupiga mara ya tatu. Alikuja mwenyewe. Akasimama mapokezi kwetu, mbele yangu na mbele ya mshauri, na akatuimbia ule wimbo. Wote, wifi! Na pale penye zumari akaweka zumari kwa mdomo. Wateja wawili waliokuwa wamekaa wakapiga makofi, wakidhani ni tangazo. Mimi nilitamani sakafu inifunike.

Alipomaliza akasema, "Kuharibika si kosa, hata moyo wa mtu hugoma. Mimi nauliza, nilikuwa nampigia nani?" Nikamwambia alikuwa anaipigia kampuni. Akaacha kuzungusha waya. Akasema kwenye dirisha la dawa hospitalini kwake ana kisanduku chetu cha zamani, na hicho kikisumbua anapiga simu na anapokelewa na mtu. Nikaona mzee wa watu amechanganya mambo kwa hasira. Sisi hospitali ile hatujawahi kuiuzia hata waya wa kufungia mzigo.

Kisanduku tumekibadilisha siku ile ile, na ametuvumilia, lakini amesema ni mara ya mwisho. Mshauri anasema tutafute wimbo mfupi zaidi. Kaka yako yeye yuko karakanani. Anatengeneza miguu ya mabenchi ambayo haina tatizo lolote.

Nimekupigia Jumapili hukupokea. Nimekupigia tena jana. Unaumwa? Nijibu hata mstari mmoja.

Wifi yako

*

19 Machi

Wewe,

Sikuiti wifi leo.

Nimetoka hospitali. Binti wa mapokezi wa huko ameniambia wiki iliyopita aliona mwanamke mwenye pua kama ya mume wangu, amevaa koti la Baba Lao, ameingia ukumbini na mabosi kuwaonyesha hospitali kwa nini wasituchukue sisi. Pua ile ni ya ukoo, huwezi kuikana.

Kumbe ndiyo maana simu haipokelewi! Nilikuandikia kila kitu, nimekuambia mpaka nililia stoo, nawe ukaniambia eti huwachungulii watu. Umetuchungulia sisi. Kaka yako anakutetea, anasema lazima ipo sababu. Mama hajui, nimemsomea barua ya kutunga niliyoisema imetoka kwako. Ndani yake nimekufanya mtu mwema kuliko ulivyo.

Msaliti ni neno zito, lakini limenijia lenyewe, na silirudishi.

Usinijibu kama huna la maana.

Mke wa kaka yako

*

28 Machi

Wifi,

Mimi bado nakuita wifi. Nilipofika pale pa pua nilicheka, kisha nikalia, kisha mwanangu akaniuliza kama nina homa.

Ninalo la maana, na sasa naweza kulisema, kwa sababu bei za pande zote mbili zimeshafungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa. Neno langu haliwezi tena kumbeba wala kumwangusha mtu.

Ni kweli nilikuwa ukumbini. Nilipangwa. Siku niliyopangwa nilimwendea bosi nikamwambia wale wapinzani ni kaka yangu na mkewe, naomba mtu mwingine. Akasema atalifikiria, akalifikiria mpaka siku ikafika. Nikikuambia wewe, nawasaliti wao. Nikifanya kazi vibaya kusudi, nawasaliti tena. Nikifanya vizuri, nawazika nyinyi. Ndiyo maana simu yako niliiacha inalia. Nilikuwa naitazama inalia, wifi. Usifikiri nilikuwa nimelala.

Nikasimama, nikaeleza mitambo ya Baba Lao vizuri kama ninavyolipwa kueleza. Sikusema neno baya juu yenu, lakini nilieleza vizuri. Yule mzee mwembamba alikaa mbele akizungusha waya wake. Katikati ya maneno yangu waya ukasimama. Nikajua nimemchosha. Akainamisha kichwa kama anayesikiliza redio, akasema, "Dada, sauti hii naijua." Mabosi wangu wakacheka kwa adabu. Yeye akatoa simu, akatafuta namba, akapiga.

Mkoba wangu ukalia, mbele ya wote. Na si ile simu ya kazini. Ni ile simu yangu ndogo ya zamani, laini ambayo wewe na kaka mnaamini ilikufa nilipohama.

Haijafa. Nimeilipia miaka yote hii. Wifi, unakumbuka visanduku vya kwanza kabisa, vile tulivyounda kwenye chumba cha nyuma huku Mama anatupigia kelele kuhusu moshi? Vile viliuzwa madukani, vikaenda tusikokujua. Chini ya kila kimoja niliandika kwa mkono wangu kwamba nimekiunda mimi, kikikusumbua nipigie. Basi watu wananipigia. Yupo mwalimu wa shule moja, yupo mwenye nyumba ya wageni, yupo mama wa duka la vifaa ambaye sasa hivi hata kisanduku hakimsumbui, anapiga tu kunijulia hali. Na yupo mzee mmoja wa dirisha la dawa, niliyekuwa namsaidia bila kujua ni wa hospitali gani wala sura yake ikoje. Kwenye simu yake amenihifadhi kwa jina la Dada wa Kisanduku.

Bwana Nyaya hakuchanganya mambo. Mliochanganya ni nyinyi.

Tangu siku hiyo nimesimamishwa kazi wakati wanachunguza, maana mfanyakazi wa Baba Lao anayehudumia visanduku vya mpinzani wake, utamweleza nani akuelewe? Nimeulizwa mara nyingi kwa nini. Sina jibu la kiofisi. Jina langu liko pale, ndilo jibu langu. Mtu amegeuza kitu juu chini, amenikuta mimi, amepiga. Nitawezaje kunyamaza?

Hili si siri ya Baba Lao, ni letu, kwa hiyo nakwambia bila woga. Mkitaka kumpita kwa ukubwa hamtaweza mpaka kiama. Ana pesa, ana vyuo, ana viatu vya kung'aa. Lakini yeye hana Bi Risasi ambaye mtu anaweza kumpigia. Nyinyi mlikuwa naye, mkamfunika rangi ya kijivu na kumwekea zumari. Rudisheni majina, wifi. Nakuomba.

Na ile barua ya kutunga uliyomsomea Mama, nitumie nakala, nione huyo mtu mwema anafananaje.

Dada wa Kisanduku

*

5 Mei

Wifi yangu, wifi yangu, wifi yangu,

Naandika mara tatu kulipia ile barua ambayo sikuandika hata mara moja. Nilikuita msaliti na nikasema silirudishi. Nalirudisha. Nalirudisha nikiwa nimepiga magoti, na magoti yangu unayajua yanavyouma. Nisamehe. Mdomo wangu una mbio kuliko akili, kaka yako anasema alinioa akiwa anajua.

Ngoja nikusimulie kwa mpangilio, ingawa nataka kuanzia mwisho.

Barua yako niliisoma mwenyewe kwanza, nikakaa kimya mpaka Mama akauliza nani amekufa. Kisha nikaipeleka karakanani nikawasomea mafundi wote. Nilipofika kwenye "Jina langu liko pale", Bi Risasi akaweka pasi yake chini. Hakutoa hotuba yoyote. Alisema tu, "Nani ana kalamu?"

Mshauri alipinga. Kaka yako, ambaye kwa miezi miwili hakuwa amesema sentensi nzima, alisimama akamwambia, "Ndugu yangu, asante, tutakulipa chako, nenda salama." Tai ikaondoka na mwenyewe. Ukipiga simu sasa hivi anapokea binti wetu wa mapokezi kwa mdomo wake, na akiwa anatafuna utasikia anatafuna.

Halafu hatukubandika vikaratasi huku ofisini. Tulikwenda wote hospitali kwa gari la mizigo, na kila fundi akaingia wodini akabandika chake kwenye kile alichokiunda yeye. Wauguzi wakatoka kuangalia. Muuguzi mmoja wa wodi ya wazazi, mnene mcheshi, akamuuliza Bi Risasi, "Kumbe hivi vitu vinaundwa na watu?" Bi Risasi akajibu, "Ulifikiri vinataga?"

Ikaja Jumapili moja asubuhi, kisanduku cha wodi ya wazazi kikazimika. Wifi, zabuni yote ilikuwa imening'inia pale, na mimi sikuwa na habari, nilikuwa naanika nguo. Yule muuguzi akakigeuza, akasoma, akapiga. Bi Risasi alikuwa anamsuka bintiye. Akamwambia muuguzi tulia, mwanangu, nitazamie taa ya mbele. Muuguzi akajibu haiwaki. Bi Risasi akasema basi fuata waya wa umeme mpaka ukutani, niambie umefika wapi. Muuguzi akafuata, akafika ukutani. "Mama," akasema, "waya umechomolewa. Pameingizwa chaja ya simu." Bi Risasi akauliza simu ya nani. "Mama, ni yangu."

Walicheka wote wawili mpaka nywele za binti zikafumuka. Yule muuguzi badala ya kuficha akatangaza hospitali nzima. Sasa kila wodi inajua kuna mama ukimpigia anapokea na hakugombezi.

Sitasema uongo, jengo la Baba Lao nalo lilipata hitilafu mwezi huo, na mafundi wenu walikuja wakatengeneza safi kabisa. Ni mabingwa, nani atabisha. Ila Bwana Nyaya anasema kabla hawajaja aliongea na watu wengi wenye adabu sana, na hata mmoja hakumwambia jina lake.

Ijumaa ametuita. Akatukalisha, akazungusha waya, akazungusha. Akasema chumba kikuu kitabaki na mtambo wa Baba Lao, kwa kuwa ni mzuri na mafundi wake wameuzoea. Wodi zote, majengo yote, ni zetu. Zote, wifi! Akasema tangu mwanzo alitaka kutupa, alikuwa anasubiri tuache kumwogopesha kwa kujifanya wakubwa.

Nililia mbele za watu bila aibu. Kaka yako alikwenda chooni akakaa muda mrefu, akarudi macho mekundu, akasema ni sabuni. Jioni alikula sahani mbili na akamwambia Mama chakula kitamu, Mama akashtuka. Asubuhi akawapigia wale wa viatu vya kung'aa akawaambia familia haiuzwi. Nilisimama nyuma ya mlango nikasikia kila neno, na nikahisi kama mtu amenitua ndoo kichwani niliyotembea nayo tangu Februari.

Bwana Nyaya aliniambia jambo moja zaidi. Bosi wako alimpigia kuuliza habari zako. Yeye akajibu kwamba Dada wa Kisanduku hakuwahi kumtajia zabuni hata kwa utani, na kwamba siku ile ukumbini uliiuza mitambo yao kwa moyo wote. "Nikakataa mwenyewe," akasema, "msimwadhibu kwa masikio yangu."

Sasa sikiliza. Kiti chako cha chumba cha nyuma tumekileta karakanani, kiko dirishani. Ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Njoo nyumbani.

Mama anauliza ile barua nzuri ya mwezi wa tatu mbona hujaandika nyingine kama ile. Nisaidie hapo, nimekwama.

Wifi yako, mwenye mdomo

*

14 Mei

Wifi,

Nimekusamehe tangu ile pua. Inuka, magoti yako yana kazi nyingine.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama jikoni, na nilipofika kwenye "zote, wifi" nilipiga yowe, jirani akaja na mwiko. Nimemweleza kwamba kaka yangu amepata wodi. Ameondoka akidhani kaka amelazwa, na kesho anamletea uji.

Uchunguzi umekwisha na nimeonekana sina hatia. Bosi wangu, ambaye si mtu mbaya, ameniita ofisini akaomba radhi kwa kutonitoa siku ile nilipoomba. Nikarudishwa kazini Jumatatu. Jumanne kukaitishwa kikao.

Nataka ukae kabla hujasoma hapa.

Ajenda ilikuwa nyinyi. Kampuni nzima ya Baba Lao, meza ndefu, maji ya chupa, tunajadili tutashindana vipi na karakana ya mume wako! Wakasema wapunguze bei. Wakasema waongeze matangazo. Ndipo kijana mmoja wa masoko akainuka na picha ya kikaratasi cha Bi Risasi, ameipiga wodini, akasema, "Na sisi tuweke majina. Kila mtambo uandikwe jina la aliyeuunda na namba yake."

Wote wakafurahi. Bosi akafurahi, akashika kalamu, akauliza, "Haya, yetu inaundwa na nani?"

Tukatazamana. Mmoja akasema ni kiwanda fulani mbali. Mwingine akasema nadhani ni mashine. Mkuu wa masoko akaahidi kufuatilia. Meza nzima ile, wifi, hakuna aliyekuwa na jina hata moja la kuandika. Bosi akaweka kalamu chini, akanitazama mimi, na akacheka mwenyewe. Nilimpenda kidogo pale.

Baada ya kikao nilimfuata nikamwambia naondoka. Hakushangaa. Akanipa mkono, akauliza kama akiwa na shida ya kisanduku anaweza kupiga. Nikamwambia namba anayo, iliitia mkobani mbele yake.

Kwa hiyo ule msemo wako wa ng'ombe haunihusu. Guu langu zima, yote mawili, na narudi kwa sababu nimetaka. Mwanangu akimaliza muhula tunakuja. Kiti kibaki dirishani. Yule bibie wa kurekodiwa msimfute kabla sijamsikia, nataka nimwimbie Bwana Nyaya tukiwa wawili, mimi nitashika zumari. Na kuhusu barua za kumtungia Mama, acha, nitazisema mwenyewe mdomoni akiwa ananiambia nimekonda.

Nilikuwa na mengine, lakini ile simu ndogo inaita. Namba siijui, maana yake kuna mtu mahali amegeuza kisanduku juu chini. Ngoja nipokee.

Barua hii nimeiandika mimi, wifi yako. Ikikusumbua, nipigie.